Tairi la Nne la Gari la Harusi

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya mpira ulioungua, mwanangu. Ndiyo maana ulipoliingiza hapa hilo gari lako jekundu la milango miwili, ukaniambia, mzee nitafutie matairi mawili tu, haya mengine bado yanasukuma, nilinyamaza. Ukadhani sijasikia. Nilisikia sana. Kaa hapo kwenye rimu nikueleze kwa nini sikukujibu.

Nilikuwa kijana, fundi wa matairi hapa hapa Kashaulili, mjini Mpanda, na nilikuwa na mdomo. Lami ya kwenda Sumbawanga ilikuwa bado mpya, watu wanaipanda kwa raha tu, hata asiye na safari. Mdogo wangu wa kike, Skola, alikuwa anaolewa. Kamati ya harusi ikaazima gari la spoti kwa mtu mmoja wa machimbo ya dhahabu, gari jeupe, limelala chini, viti viwili tu. Mwenyewe hakuwa na neno, ila gari lilikuwa limekaa juu ya mawe muda mrefu na matairi yote yalikuwa vipara. Akasema wekeni matairi, mlichukue. Kamati nzima ikanigeukia. Nikasimama, nikajipiga kifua, nikasema matairi manne yanayofanana yatapatikana kabla ya Jumamosi. Hakuna aliyeniomba nijipige kifua, mwanangu. Nilijitakia mwenyewe.

Maduka yetu siku zile yalijaa matairi ya malori, ya trekta na ya pikipiki. Tairi pana lenye ubavu mfupi, la gari la spoti, ungemuuliza nani? Nilizunguka mji mpaka soli ya kiatu ikaachia. Nikapata matatu kwa mfanyabiashara wa mitumba, ya aina moja, saizi moja, kashata zake, yaani yale meno yanayokanyaga lami, bado zina kina. La nne hakuna. Akaniambia anaweza kuniagizia Mbeya, litafika Jumanne. Harusi ni Jumamosi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kamati ingenung'unika kidogo, ingeazima gari lingine, na yangekwisha. Lakini ningeuweka wapi uso wangu? Nikachukua kimoja cha vile vipara vya zamani, nikapasha kisu moto, nikakaa nacho nusu siku nikikichonga, mstari kwa mstari, huku nayaangalia yale matatu. Nilijua kuchonga, hilo hata adui yangu atakwambia. Nikayapaka yote dawa nyeusi yakang'aa. Wanakamati waliinama, wakalinganisha, wakashindwa kujua lipi ni lipi, wakanipigia makofi. Ila kuna jambo moja nimejiuliza maisha yangu yote: kama niliionea fahari kazi ile, kwa nini tairi lile nililifunga nyuma, upande wa kulia, ambako mpiga picha hangesimama?

Baba Deo, mzee aliyenifundisha ufundi, alipita kuliona gari. Hakusema lolote kuhusu mng'aro. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kashata za tairi moja baada ya jingine. Alipofika kwenye lile langu, kidole kikasimama.

"Hapa chini umebakiza mpira kiasi gani?"

Nikamwambia safari yenyewe ni kutoka kanisani hadi ukumbini Makanyagio tu, tena mwendo wa pole, wa kuimbiwa. Akasema basi nimwambie bwana harusi, nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, asitoke nalo mjini. Nikamjibu ndiyo mzee, nitamwambia. Sikumwambia. Niliona haya, na yale makofi nilikuwa bado nayasikia masikioni.

Misa ikaisha, vigelegele vikapigwa, sisi wengine tukatangulia ukumbini. Mshereheshaji akawaita maharusi mara ya kwanza, mara ya pili, kimya. Watu wakaanza kutania kwamba bwana harusi ametoroka na mke wake mwenyewe. Kumbe shemeji yangu Fidelis aliiona lami ile, gari lile na mchana ule mzuri, akamwambia mpiga picha wakutane Sitalike, huko nje ya mji, wakapige picha penye viboko mtoni. Utamlaumu kwa lipi? Nani alimkataza?

Dereva wa bodaboda akaingia ukumbini mbio, kofia ngumu bado kichwani, akasema gari la maharusi limeingia mtaroni. Muziki ulizimwa. Sikumbuki nilivyoipanda ile pikipiki.

Walikuwa wanaelekea Sitalike, lakini gari tulilikuta limegeukia Mpanda, pua mtaroni. Skola wamemlaza kwenye majani na shela lake, na mguu wake ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjwi. Halii. Ananiangalia tu. Na pale ukingoni mwa lami kulikuwa na kipande cha mpira, urefu wa mkono, na juu yake mistari yangu. Mistari yangu naijua. Na unajua nilifanya nini, mwanangu? Kabla sijamshika mdogo wangu mkono, nilikiokota kile kipande nikakificha ndani ya koti la suti. Ajali inanitisha, lakini mkono wangu ule unanitisha zaidi.

Paja lilivunjika. Fidelis alipata mikwaruzo tu. Watu wakaniuliza imekuwaje, fundi, nikasema hata mimi nashangaa.

Siku ya tatu niliitwa kwa kina Fidelis, ukoo umekaa kikao. Nilikwenda na koti lile lile, sikuwa na lingine. Nilidhani wameshagundua. Kumbe walikuwa wamempata mwenye kosa: shangazi yake Fidelis, bibi mjane aliyekaa kwenye chumba cha uani. Kosa lake? Alikataa kushona sare ya kitenge ya kamati, na alisema gari lile halimpendezi, maharusi watembee tu, kanisa si mbali. Basi. Wakasema yeye ndiye aliyeliroga. Nilipoingia uani godoro lake lilikuwa limeshatupwa nje, na yeye ameketi juu yake, ndala zake kazishika mkononi. Vijana wanne wamemzunguka, na walichoshika mikononi hakikuwa cha heri.

Jamani! Mtu mzima yule, mama wa watu, anakwenda kumalizwa kwa ajili ya kisu changu, na mimi nimesimama hapo na koti langu!

Baba Deo alikuwa miongoni mwa wazee. Hata jina langu hakulitaja. Aliniangalia akasema, "Wewe unajua."

Ule mdomo wangu wa kwenye kamati ulikuwa umekauka kabisa. Nikaingiza mkono kotini, nikakitoa kile kipande, nikakiweka juu ya godoro.

"Nimechonga mimi," nikasema. "Na nilijua ni kibovu."

Fidelis aliinuka akanizaba kofi. Nililistahili. Vijana wakatupa walivyoshika, wakaangalia pembeni. Yule bibi akavaa ndala zake, moja, kisha ya pili, akaliinua godoro lake mwenyewe na kulirudisha ndani. Hakuna aliyemsaidia. Sote tuliona haya hata kumkaribia.

Kutoka hapo nilikwenda hospitali, nikamweleza Skola yote. Akasema, "Kaka, si ungeniambia tu? Ningekuja kanisani kwa bodaboda."

Mpaka leo anachechemea, na mpaka leo nikienda kwake ananipikia. Nikimwona anavuka sebule na sahani yangu mkononi, nainuka kumpokea kabla hajanifikia.

Basi sikiliza, mwanangu. Gari lako litavaa matairi manne ya jina moja, kashata moja, na umri unaokaribiana. Tarehe yake imeandikwa ubavuni, nitakufundisha kuisoma. Kama waliolitengeneza walitaka ya nyuma yawe mapana kuliko ya mbele, tutafuata walivyotaka, hata nyie vijana mkichekana. Nikipata matatu, gari litabaki juu ya jeki mpaka la nne lifike, na wewe utatembea kwa bodaboda. Na siku ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kosa bado ni lako peke yako. Ukilificha, watu watamtafuta wa kumbebesha, na watamchagua asiye na wa kumtetea.

Mungu akutangulie barabarani. Akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Utakaowapakia kwenye gari hili uwafikishe, uwarudishe, na washuke mlangoni kwao wakitembea sawasawa kwa miguu yao miwili. Haya, nipe funguo.