Ndevu za Kuficha Shingo

Asubuhi ya kunyolewa nilichemsha maji yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekuja Mlandege, nyumbani kwa wazazi, na mfuko mdogo: kitambaa safi, chupa ya mafuta ya parachichi na wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Baba alikuwa ameshazikwa. Katika ukoo wetu msiba hauishi mpaka watoto wa kiume wa marehemu wanyolewe, kichwa na ndevu. Mimi niliamini kwamba nikijinyoa mwenyewe, taratibu, kabla watu hawajaamka vizuri, uso wangu ungeokoka.

Najua jambo hili linavyosikika. Baba yuko ardhini na mimi nawaza vipele.

Ndevu zilianza kuniota nikiwa sekondari, na kila niliponyoa, nywele zilijikunja zikarudi ndani ya ngozi. Zikaleta vipele, vipele vikatunga usaha, na usaha ukaacha makovu magumu kama punje za mahindi. Hakuna aliyenifundisha la kufanya. Nilijifunza kwenye simu, katika chumba nilichopanga Uyole, Mbeya, nikijaribu kila kitu kwenye uso wangu, hata vile vilivyoniunguza. Mwishowe nilijua: ziache ziote. Zikishakuwa ndefu hazirudi ndani. Zioshe kwa maji ya vuguvugu. Zikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Mafuta yafike kwenye ngozi yenyewe, maana baridi ya Uyole huipasua ngozi iliyojificha chini ya ndevu, nawe huna habari mpaka uone unga mweupe kwenye kola. Kinyozi sikumruhusu aniguse. Nikikuta unywele mmoja umepinda vibaya, niko radhi nichelewe dukani ninakofanya kazi kuliko kutoka nao hivyo.

Lakini niseme ukweli wote. Sikuwa nakimbia vipele. Nilikuwa naikimbia shingo ya baba.

Baba alikuwa mwinjilisti. Alinyoa kila asubuhi, kavu, kisha akajipaka spiriti huku amefumba macho. Shingo yake ilijaa uvimbe mweusi unaong'aa, na daima palikuwa na mmoja unaovuja. Alifunga shati mpaka kifungo cha juu, hata jua likiwa kali. Mezani nilizoea kukaa upande ambao singeiona.

Nilipokuja likizo mara ya kwanza na ndevu zangu, alicheka.

"Mwanaume mzima anapaka ndevu mafuta kama anapaka mkate siagi."

"Baba, na wewe ungeziacha tu zikue. Shingo ingepona."

"Nisimame mbele ya usharika na kichaka? Watoto wa kipaimara watatafuta viota humu."

Tulicheka wote. Hatukulizungumza tena.

Basi asubuhi ile nilikuwa nyuma ya jiko, nimeshalowesha uso, baba mdogo aliponikuta.

"Unafanya nini, wewe wa Mbeya?"

"Najinyoa, baba mdogo."

"Kwani umefiwa na mbuzi? Mfiwa hajinyoi. Ananyolewa."

Akachukua beseni langu, akamwaga maji ukutani. Nilisimama nayatazama yanavyotoa mvuke kwenye udongo.

Uani, kaka yangu alikuwa ameshamaliza zamu yake, kichwa kinang'aa. "Bwana harusi huyo anakuja," akasema. "Leteni kioo."

Aliyekuwa ananyoa ni shangazi, dada yake baba, anayeuza nyanya barabarani pale Ilula. Vidole vyake vina nyufa nyeusi ambazo sabuni haiziondoi. Alikubali kutumia wembe wangu mpya, lakini hilo tu. Aliushika kati ya vidole viwili, akanipaka sabuni ya mche na maji ya baridi, akanishika kidevu.

"Shangazi, fuata zinavyolala. Usipandishe."

"Nyamaza, baba. Ukiongea taya linacheza."

Akapandisha. Nilisikia kila unywele ukikatika kinyume. Ndevu zangu zikawa zinaanguka kwenye kanga niliyotandikiwa magotini, zikiwa bado na harufu ya mafuta, na nilikuwa naona aibu kwamba machozi yamekuja wakati huo, si kaburini. Watu walidhani namlilia baba. Niliwaacha wadhani hivyo.

Alipofika chini ya taya, mkono wake ukasimama. Akaweka wembe chini, akabonyeza kovu moja kwa dole gumba, kisha la pili.

"Kumbe na wewe."

Akafuta povu la sabuni pale kwenye makovu.

"Baba yako alikuwa anakuja kwangu siku za gulio. Anakaa nyuma ya matenga ya nyanya, namchimbua nywele kwa sindano. Mtu mzima, analia kabisa."

"Hakuwahi kusema."

"Akuambie wewe? Nilimwambia, mtoto wako huko Mbeya anajua dawa yake, muombe. Akasema, yule akiniona shingo anaacha kula."

Kaka alikuwa pale pale, alisikia. Safari hii hakutania. Nilitaka kusema si kweli. Lakini nilikumbuka sahani nilizosukuma mbali nikisema nimeshiba, na baba akinitazama, kisha akiinua mkono kugusa kifungo chake cha juu. Nilikuwa nikidhani haoni.

Shangazi akachukua wembe akamalizia, akipandisha tena pale pale palipokuwa panauma. Kidevu kilikuwa mkononi mwake.

Nilipoinuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia usoni, akashusha macho mpaka shingoni, akaishikilia fremu ya mlango.

"Funga shati, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi Uyole. Vipele vilitoka kama nilivyojua vitatoka, kwanza upande wa kushoto, kisha shingo nzima. Mafuta yangu hayakusaidia. Nywele zilikuwa zimeshaingia. Wiki iliyopita shangazi alipiga simu.

"Zimerudi ndani?"

"Zimerudi."

"Njoo basi. Matenga yapo."

Nikamwambia nitakuja. Sijaenda. Kila nikifikiria lile gulio, naona kiti cha baba, hata kama huenda hakikuwa kiti, labda aliketi tu juu ya tenga lililopinduliwa. Sikuuliza.

Leo asubuhi nilichemsha sindano, nikasimama mbele ya kioo. Kwenye mashavu naweza. Chini ya taya siwezi: nikiinua kichwa kiasi cha kutosha, macho hayafiki tena. Nilijaribu kwa kupapasa, nikajichoma pasipotakiwa, damu ikateremka.

Nikapaka spiriti. Nikafumba macho. Kisha nikafunga shati mpaka juu, nikaenda kazini.