Kifaranga cha Zambarau

Mwezi uliopita nilipita Mugutha, nikasimama mbele ya shamba la shosho, nyanya yangu. Nasema shamba kwa mazoea tu. Siku hizi ni jengo la orofa tano. Kwenye roshani moja mtu amepanda mashina matatu ya sukuma wiki ndani ya ndoo ya rangi, nayo yalikuwa yamenyauka. Nilijikuta nacheka peke yangu mpaka mlinzi akatoka getini. "Madam, unatafuta nyumba? Bedsitter iko moja." Nikamwambia hapana, nimekuja kuona mahali nilipoiba kifaranga. Akarudi nyuma hatua moja.

Ngoja nikueleze, usije na wewe ukarudi nyuma.

Nilikuwa darasa la tatu, likizo ya Aprili. Kuku wa shosho alikuwa ameatamia ndani ya karai kuukuu lililojaa nyasi, nyuma ya mlango wa jikoni, na ukipita kuchukua kuni alikudonoa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia miche ya sukuma kila jioni kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari. Shosho alikuwa ameniahidi kwamba nikiitunza vizuri, kifaranga kimoja kitakuwa changu. Mpaka hapo sikuwa nimewahi kumiliki kitu kinachopumua, isipokuwa chawa.

Vikaanguliwa tisa. Nilichagua changu siku hiyohiyo, cha manjano chenye doa jeusi kichwani.

Sasa, kwa shosho kifaranga hakikutoka nje bila kupakwa rangi. Alichemsha rangi ya zambarau, ileile aliyotumia kwa katani ya vyondo, vikapu alivyosuka, akaiacha ipoe. "Mwewe hali kitu asichokijua jina," alisema. Akaniachia kazi ya kuvichovya, yeye akaenda mkutano wa akina mama. Nilichovya vinane. Cha tisa, kile changu, nikakishika, nikakitazama, nikaona ni dhambi kuharibu uzuri ule. Nikakiacha na manjano yake.

Kesho yake asubuhi mwewe alipita juu ya vile vinane kana kwamba havipo, akabeba changu.

Nililia. Kisha nikaacha kulia nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ng'ambo ya ua wetu wa miiba aliishi jirani tuliyemwita tata, yaani shangazi. Kuku wake pia alikuwa ameangua, lakini tata hakuamini mambo ya rangi. Vifaranga vyake alivilinda kwa kelele na mawe. Alipoingia ndani kidogo, nikapenyeza mkono uani, ukatoka na kifaranga kimoja na mikwaruzo mitano. Nikakichovya chote, mpaka mdomo.

Shosho alihesabu tisa, akaridhika. Aliyekataa ni kuku wetu. Alikitazama kile kigeni mara moja tu, akakidonoa, nacho kikakimbilia chini ya miche yangu kikilia kwa nguvu. Mama yake akaitika kutoka ng'ambo. Basi kikapita katikati ya miiba mbio, rangi ikichuruzika, kikajiunga na ndugu zake wa manjano huku tata akiwa amesimama palepale, anawarushia unga.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata chakula cha mchana.

Tata alikuja na kifaranga mkononi, kiganja chake kimegeuka zambarau. "Huyu mtoto wangu," akamwambia shosho, "amerudi nyumbani na uniform ya kwenu."

Shosho akakigusa, akanigeukia. "Si ulivipaka jana? Mbona hii rangi bado ni maji?"

Nilitaka kusingizia mwewe, lakini kilio kilinitangulia. Nikasema yote. "Changu sikukipaka, shosho. Kilikuwa kizuri sana."

Tata ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akakaa chini, juu ya miche yangu miwili. Alipopata pumzi akatoa hukumu. Kifaranga kitakaa kwa mama yake, na mimi nitamwagilia sukuma zake pia mpaka zichumwe. "Zikichumwa, hicho ni chako. Lakini siku nyingine uombe. Ungeomba, ningekunyima?"

Jumapili, kanisani, mwalimu wetu alisema wenye mioyo safi wainue mikono. Nikainua yangu, ya zambarau mpaka viwikoni. Shosho alishikwa na kikohozi akatoka nje.

Nilimwagilia mashamba mawili mpaka mabega yakaniuma. Kifaranga kikakua, rangi ikaisha na manyoya ya utoto, akawa kuku mwekundu mwenye kelele. Yai lake la kwanza nilimpelekea tata kwa mikono miwili. Alilichemsha, akalitia chumvi, akanirudishia nile pale pale mlangoni kwake. Sijala yai tamu kama lile tena, na nimejaribu.

Shosho alitangulia, tata akafuata, na ua ukang'olewa na trekta.

Pale getini nilitazama juu kwa muda mrefu. Mlinzi akauliza natafuta nini tena. Nikamwambia mwewe. Akatazama juu na yeye, kwa adabu tu. Tuliona nyaya na nguo zilizoanikwa. Kati ya wezi wawili wa shamba lile, nimebaki mimi.