Mkate wa Mzazi Haukatwi kwa Kisu

Foleni ya asubuhi imekwisha na tanuri limeanza kutulia. Zlatka Mineva, tumbo likiwa limemtangulia, anakipiga kofi kinyunya cha mwisho, anakiweka sawa juu ya meza, kisha anasimama ameshika kiuno. Rafu ya nyuma yake imejaa mikate ya moto. Yeye hajaonja hata ukoko.

"Mwoka mikate asiyekula mkate," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, akicheka. "Niambie kama umeona kichekesho kingine kama hiki Bulgaria nzima."

Ni sukari ya mimba iliyomkataza. Iligunduliwa mimba ilipofika mwezi wa sita, na tangu hapo anajichoma insulini, anakula mtindi, matango na kuku, na mkate anaunusa tu. Juzi daktari alimwambia mtoto ameshakuwa mkubwa, pengine kilo nne na robo, na si vizuri kungoja uchungu uje wenyewe. Achague: aanzishiwe uchungu kwa dawa, au apangiwe siku ya upasuaji. Jibu linatakiwa kesho.

Kwa mji huu mdogo ulio chini ya mlima, jambo hilo si la Zlatka peke yake. Mwanamke akijifungua hapa, simu ya kwanza hupigwa kwa jamaa na ya pili hupigwa kwenye duka hili. Mama mkwe wake, Bibi Ginka, hukanda papo hapo mkate wa haraka, usio na hamira. Wanawake wa mtaa humzunguka mzazi, mkate ukainuliwa juu ya kichwa chake, ukamegwa kwa mikono na kuliwa kwa asali. Kisu hakiugusi. Wala haukandwi kabla mtoto hajalia, kwa maana hapa, kwa kuogopa nuksi, hata soksi za mtoto hazinunuliwi mapema.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia akaagiza mkate wa Jumatano, kwa kuwa mkewe angepasuliwa siku hiyo. Bibi Ginka alitoka nyuma ya kaunta na mti wake wa kusukumia unga.

"Jumatano? Mungu amekupa ratiba yake? Toka hapa, urudi ukishakuwa baba!"

Alirudi akiwa baba. Mkate alipewa, na maneno akaongezwa.

Basi mtu anaweza kukisia yaliyosemwa habari ilipoingia nyumbani mwa Bibi mwenyewe. "Mimi sigombani na madaktari, wamenisafisha macho yote mawili," anasema Bibi Ginka huku akichekecha unga. "Lakini mkate wetu haukatwi kwa kisu, sembuse anayeuoka! Waanzishe huo uchungu wao, azae kama alivyomzaa Vesela."

Vesela ni binti wa Zlatka, ana miaka saba, na alizaliwa bila shida akiwa na kilo tatu. Bibi amesahau, au amejisahaulisha, kwamba uchungu wa kuanzishwa nao una tarehe. Zlatka alipomkumbusha, mama huyo aliziba masikio kwa mikono yenye unga. "Usinitajie siku! Sitaki kuijua!"

Daktari Karaivanova, anayemhudumia, amekataa kumchagulia. Alimweleza kwamba njia iliyokwisha kupitisha mtoto mmoja ni heri kwake, na kwamba picha za kupima uzito huweza kukosea. Lakini dawa za kuanzisha uchungu zinaweza kuchukua siku nzima au mbili, na mwisho wake ukawa upasuaji uleule, mama akiwa hoi. Upasuaji wa kupangwa una utulivu wake, ila nao ni upasuaji: kidonda, damu, na kovu la kufikiriwa mimba nyingine ikija. Hofu kubwa kwa mtoto mkubwa wa mama mwenye sukari ni kichwa kutoka na mabega kukwama.

"Akaniambia mara nyingi haitokei," anasema Zlatka. "Na ikitokea, mara nyingi wanamtoa mtoto salama. Mara nyingi. Kuna watu neno hilo linawatosha."

Anakatiza, kwa sababu mlango umefunguliwa. Anayeingia ni Stoyko, mdogo wake, msambazaji wa mikate. Kreti tupu amezibeba kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umelala ubavuni, na hata akiuinua haupiti kifua. Siku aliyozaliwa mabega yalikwama, mkunga akavuta, na mishipa ya bega ikaumia. Zlatka alikuwa na miaka mitano; anaukumbuka mlango uliofungwa na sauti ya mama yao ndani.

Stoyko anatoka tena kwenda kupakia gari, na dada yake anashusha sauti. "Nikisema nataka kisu, ni kama namwambia ndugu yangu kwamba nakimbia nisije nikazaa mtu kama yeye. Nikisema uchungu, nitasukuma huku nauona mkono wake. Sasa nifanye nini?"

Lipo pia la kazi. Beseni la unga uliokandwa lina kilo ishirini na tano, na mzazi aliyepasuliwa hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kadhaa. Mumewe, Penyo, dereva wa lori aliyeko njiani Hungaria, amesema kwa simu atakubali lolote. "Yaani hajasema kitu," anasema Zlatka.

Stoyko anarudi kuchukua kreti za mwisho, lakini hazichukui. Anaegemea meza.

"Dada, unautazama mkono wangu tangu Jumatatu. Unadhani mimi kipofu?"

"Sikutaka uumie."

"Niumie wapi tena? Mkono wenyewe umeshaumia!" Anacheka peke yake, kisha anaacha. "Sikiliza. Nimeishi, nimependwa, naendesha gari na polisi wananipungia. Lakini usingoje niseme haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Mama alijilaumu mpaka tunamzika, na siku ile hakuna aliyemuuliza chochote. Hicho ndicho kinachoniuma. Wewe umeulizwa. Chagua unachotaka wewe, na mkono wangu uuache hapa nilipo nao."

Zlatka anaketi juu ya gunia la unga, anajifunika uso kwa aproni na kulia kwa sauti. Mteja mmoja anaingia, anaona, anaitazama mikate kwa masikitiko na kutoka kinyumenyume. Stoyko anampapasa dada yake mgongoni mpaka pumzi inamrudia.

"Nataka upasuaji," anasema hatimaye, na anataka lieleweke vizuri. "Si kwamba ile njia nyingine ni mbaya. Mwenzangu mwenye mtoto kama wangu angechagua uchungu na angefanya vyema. Mimi najijua. Ningeingia mle ndani na hofu ya miaka thelathini."

Anampigia daktari hapo hapo. Anapewa Alhamisi ya wiki ijayo.

Chekecheo la Bibi Ginka limenyamaza. Anatokea mlangoni, na kila mtu anangoja hadithi ya kisu. Haiji.

"Beseni ataliinua nani?" anauliza.

"Mimi," anajibu Stoyko.

"Kwa mkono upi, bwana shujaa?"

"Huu unainua, huu unasukuma. Na wewe Bibi utapiga kelele, kama kawaida."

"Kelele naziweza," anakiri Bibi.

Zlatka anapangusa macho. Ana mpango mmoja, na anautamka akimtazama mkwewe. Mkate wake utakapofika hospitali umefungwa kitambaa, hataki uinuliwe juu ya kichwa. Anataka umegwe kifuani, pale mkono wa Stoyko unapofika; yeye ashike upande mmoja, ndugu yake upande wa pili. Halafu apewe kipande chenye asali, kimoja tu, kama daktari ataridhika na sukari yake.

"Mwanamume hashiki mkate wa mzazi," anasema Bibi Ginka. "Tangu dunia iumbwe."

Bibi anamtazama Stoyko kuanzia viatu kwenda juu, na macho yake yanakaa kidogo kwenye lile bega.

"Basi aje amenawa."

Stoyko anabeba kreti zake. Akiwa kizingitini, Bibi anamwita. "Wewe! Alhamisi usipeleke gari mbali."

"Kwa nini Alhamisi, Bibi?"

"Nani ametaja Alhamisi?" anasema Bibi Ginka, na anarudi ndani kuchekecha unga mweupe kuliko wote dukani.