Nailoni kwenye Bampa

Nimefanya upumbavu mwingi maishani, mwingi wake nikiwa nimekaa kwenye kochi, lakini uliotuumiza ni huu: nililifunga bampa la gari la mume wangu kwa nailoni na selotepu, kama robota la nguo linalokwenda Dar.

Sikukusudia ubaya. Kazi niliyoiweza hapa Guangzhou ni kufunga mizigo ya wateja sebuleni, nao hunisifu kwamba hata tone haliingii. Mimi ni mtu wa ndani. Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, naisikia kwa watu tu, ingawa nguo zake zote zinapita mikononi mwangu. Mtu wa nje ni mume wangu: huwapeleka wafanyabiashara viwandani kwa gari letu la umeme. Mjini baridi yetu haina theluji, ni manyunyu yanayoingia kwenye mifupa na nguo zisizokauka wiki nzima. Lakini kiwanda kimoja cha viatu kiko kaskazini, milimani, na huko barabara hushika barafu. Kila akirudi analalamika: tope la barafu likiganda mbele, ile rada iliyo nyuma ya bampa haioni kitu, na gari haliwezi kufunga breki lenyewe. Inabidi ashuke, apanguse, aendelee.

"Si uivalishe soksi," nilimtania.

Halafu nikaivalisha mwenyewe. Ilikuwa alfajiri, mvua inanyesha, yeye anaoga. Nikashuka na nailoni angavu, nikapitisha mara tatu, nikakaza. Fizikia ya kidato cha nne nilipata F, ila kwenye selotepu nina shahada. Sikumwambia. Nilitaka akirudi ashangae rada ilivyobaki kavu. Akaondoka gizani bila kuiona.

Huko milimani aligonga lori lililosimama kwenye ukungu.

Nilimkuta hospitalini, paja limejaa skrubu, daktari ameshasema goti halitakunjika tena.

"Nilisinzia, mke wangu," akasema. "Sikumbuki, ila lazima nilisinzia. Onyo la rada lilikuwapo tangu asubuhi, nikajua ni manyunyu ya kila siku. Waambie wateja watafute mtu mwingine. Anayelala kwenye usukani asibebe roho za watu."

Mimi nikamenya chungwa. Nikamlisha kipande kimoja kimoja, kwa ustadi ule ule wa kufunga mizigo.

Siku ya nne fundi wa gereji akanitumia picha na ujumbe wa sauti. Kichina changu ni cha kununulia vitunguu, nikagonga mlango wa pili kwa jirani, Mzanzibari anayesoma chuo kikuu, aliyekwisha kwenda kumjulia hali mume wangu. Akausikiliza mara mbili. Fundi alisema rada hupenya plastiki kavu, lakini maji huizuia. Maji yaliingia chini ya nailoni, yakakosa pa kutokea, yakaganda, rada ikawa kipofu na gari halikufunga breki. Anauliza nani kaifunga. Kwenye picha pembe za nailoni zimekunjwa kwa ndani, ninavyozikunja mimi siku zote, na jirani ameziona sebuleni kwangu.

"Mjibu hatujui," nikamwambia jirani.

Akanirudishia simu mkononi.

"Mumeo kalala kule anajilaumu kwa usingizi hata asioukumbuka. Kamwambie leo, shoga. Ukichelewa nitamwambia mie, mdomo wangu haushiki selotepu."