Basi Lenye Mafua

Dereva wa basi la kwanza la umeme alikuwa ameendesha mabasi ya dizeli mpaka mvi zikamwota masikioni, na ukimya wa gari jipya ulimkosesha raha. Mkono wake bado ulipapasa gia isiyokuwepo, na kila alipofika kwenye mwinuko wa hospitali, sauti ilimponyoka: "Vrrruum." Aliunguruma taratibu, akabadilisha gia kwa mdomo, akashusha pumzi kileleni. Abiria wakauzoea mngurumo wa gari lao.

Wiki moja akashikwa na mafua. Mama wa kiti cha mbele, aliposikia basi linakwaruza na kukatakata, alishuka kituo cha mwisho akamwita fundi. Fundi akafungua kila kifuniko. "Mama, hili halina injini. Litaungurumaje?" Dereva alisimama kando, mikono nyuma, midomo ameibana kama mtoto aliyedokoa sukari. Kisha akakohoa.

Mama akamgeukia. "Kumbe ni wewe, baba."

Kesho yake dereva alinyamaza kabisa. Basi likapanda mwinuko kimya, abiria wameng'ang'ania viti, wanatazamana. Katikati ya mlima yule mama uvumilivu ukamwisha. "Baba, hebu liungurumie kidogo. Hivi halifiki."