Moshi wa Shemeji Aroni

Sokoni Kilolo wanasema marehemu mume wangu alitokea dohanini mbele ya wanamaombi. Si kweli. Ilitokea sura yake tu, na kwa kuwa jina la ukoo wake, Kalinga, ni la watoto wangu pia, afadhali nieleze ilivyokuwa.

Wako watu wanaojulikana kwa elimu, wengine kwa mashamba. Shemeji yangu Aroni, mdogo wa marehemu Ezekia wangu, alichagua kujulikana kwa moshi. Nyumba yake iko mwinukoni, juu ya barabara, na mtaani kwao ni yeye tu mwenye meko ya ukutani na dohani ya matofali. Nikifika kutoka Iringa mjini, kabla hata ya kunisalimu "kamwene", huniuliza: "Umeuona ulivyokuwa unapanda?"

Niliuona. Angeuona hata kipofu, kwa harufu. Alichoma mabanzi ya paina, yale maganda ya magogo yanayotupwa kwenye mashine za mbao, tena mabichi, utomvu ukichuruzika.

"Yaanike kwanza, shemeji," nilimwambia. "Utomvu huo unaganda dohanini kama lami. Siku ukishika moto, paa litakwenda nao."

"Kuni kavu hazina moshi," alinijibu kwa huzuni, kana kwamba namshauri atembee bila shati. "Halafu shemeji, wewe ni mtu wa jiografia. Dohani ni ufundi."

"Jiografia alifundisha kaka yako. Mimi nilifundisha kemia."

Basi moshi ulikuwa wa mchana, wa wapita njia. Usiku Aroni alikuwa na uchungu mwingine: joto kutoroka. Lilimuuma kuliko kutoa sadaka. Na karibu na meko hayo ndipo alipolala mama mkwe wangu, Bibi Lea, kwa sababu baridi ya Julai kule haimwonei mzee huruma.

Mwaka huu nilimkuta Mama amepauka. Kila akiamka kichwa kinamgonga, moyo unamchafuka, na anasema usiku amemsikia Ezekia ukutani. Akitoka uani kuota jua, anapona. Jioni akirudi ndani, yanaanza upya.

"Ni majonzi na presha," Aroni alisema.

"Dohani inakuwa wazi usiku?"

"Shemeji! Mimi ni mzee wa kanisa."

"Sijakuuliza cheo. Nimekuuliza dohani."

Alikwenda kuita wanamaombi. Nikamwambia wazi: hali hii ikiendelea, Mama naondoka naye. Mama kuhamishwa kutoka kwa mwanawe wa mwisho, mbele ya mtaa mzima! Uso ulimshuka, lakini mkono haukugusa dohani.

Wanamaombi walikuja asubuhi na mapema, wakiongozwa na mwinjilisti Yohane. Aroni, ili waone wamefika kwa nani, akasheheni mabanzi na kuwasha. Moshi ukapanda kidogo, ukafikiri, ukarudi sebuleni.

"Utatulia," alisema. "Paina huanza hivyo."

Wakaanza kuomba. Punde chumba kizima kilikuwa kinalia. Mama mmoja akapiga magoti akikohoa, mwingine akajifunika kanga usoni. Mwinjilisti, machozi yakimtiririka, akapaza sauti: "Uwepo umeshuka! Tubuni!"

"Ulioshuka ni moshi, mwinjilisti," nikasema. "Fungueni milango, mtoeni Mama nje."

Nikafukia moto kwa majivu mpaka ukazimika. Meko yalipopoa nikachukua mti mrefu uliosimama kando yake. Aroni akanishika mkono.

"Shemeji, usijisumbue, nguo zako nzuri..."

Nikachokonoa. Likaanguka bonge la masizi kama ndoo ya lami, na nyuma yake furushi la nguo. Lilipofunguka sakafuni, Ezekia wangu akatutazama, na chini yake maandishi: *Tutakukumbuka Daima*. Zilikuwa fulana za msiba wake, zile zilizobaki. Mdogo wake alikuwa akizisokomeza dohanini kila usiku makaa yakibaki mekundu, ili joto lisitoroke, na asubuhi huzitoa. Joto lilibaki, na hewa ya sumu ya makaa ikabaki nalo, Mama akiivuta usiku kucha. Siku ya wageni alisahau kuzitoa.

Mwinjilisti akajifuta macho ambayo sasa hayakuwa na sababu ya kulia.

Mama alisogea mlangoni, akaitazama picha ya mwanawe.

"Ezekia nilikuwa namsikia mle," akasema. "Kumbe mlimweka kweli."

Kisha akamgeukia Aroni. "Baba, nilikuzaa nikiwa na akili zangu. Unataka nife nazo zimeungua?"

"Mama, baridi..."

"Baridi naijua tangu sijakuzaa. Nitabaki kwako, lakini dohani usafishe mwenyewe. Wewe, si fundi. La sivyo leo naondoka na mkwe wangu."

Akaisafisha kesho yake, siku ya soko, barabara ikiwa imejaa watu. Mzee wa kanisa alikaa juu ya paa akishusha na kupandisha brashi ya waya kwenye kamba yenye jiwe, na kila wingu jeusi lililomrudia usoni lilishangiliwa kutoka chini. Fulana nilizifua mwenyewe.

Mama sasa anaamka mzima. Mabanzi yanaanikwa chini ya upenu mpaka yapasuke, na furushi halipandi tena. Moto umekuwa safi, moshi mwembamba kama uzi, hauonekani barabarani.

Wiki iliyopita Aroni alinipigia simu, sauti imemkauka. Majirani wamemuuliza kama siku hizi mambo yamekuwa magumu.

"Umewajibuje?" nikauliza.

"Nimewaambia tunafuata kemia."