Nitakuwa Nimepika

Malindi ni mji wa Kiitaliano. Mgeni akishuka tu, wauza vinyago humwita kwa Kiitaliano, awe Mdachi au Mpolandi. Ndiyo maana nilipofungua darasa la Kifaransa katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitabu, mtaa wa Shella, watu waliniuliza kama nimekosa kazi nyingine. Nilipata wanafunzi saba. Sita walikuwa vijana wa mahotelini waliotaka kupandishwa cheo. Wa saba alikuwa mama mmoja wa makamo, mpishi katika nyumba ya wageni, mkazi wa Sabaki, ng'ambo ya mto.

Siku ya kwanza alifika kabla ya wote, saa nane kasoro, leso mbili zimemkaa vizuri na daftari limeviringishwa kwenye mfuko wa plastiki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasimama pale pale mlangoni kana kwamba ni lazima ajieleze kabla ya kuketi.

"Mwalimu, mimi sitafuti kazi, kazi ninayo. Binti yangu ameolewa Ufaransa. Ana mtoto wa kike, hajui Kiswahili wala Kigiriama. Kwenye simu mtoto hunitazama kama anayetazama picha, nami humtazama vivyo hivyo. Nataka tuzungumze."

Shule aliiachia darasa la tano. Kuandika kulimtaabisha, lakini sikio lake halikuwa na mfano. Neno akilisikia mara mbili, huwa lake. Vijana wangu walikuwa wakiyasoma maneno kama yalivyoandikwa, wakitamka hata herufi zisizotamkwa, na yeye akiwageukia kwa upole: "La, mwanangu, mwalimu hakusema hivyo." Nilimpenda kwa hilo. Sikumwambia.

Mwezi wa tano tulifika kwenye wakati ujao timilifu, ule ambao Wafaransa huuita futur antérieur. Niliandika ubaoni: j'aurai préparé. Nikaeleza kwamba hapa pana vitenzi viwili. Cha kwanza ni kisaidizi, avoir au être, nacho huwekwa katika wakati ujao: j'aurai, tu auras, elle aura, je serai, tu seras, elle sera. Cha pili ndicho chenye jambo lenyewe, nacho huonyesha kwamba jambo limekwisha. Ukiviunganisha, unakuwa umesimama kwenye siku ambayo haijafika, unatazama nyuma.

Vijana walikunja nyuso. Mama akacheka.

"Kumbe ni kama sisi! Nitakuwa nimepika. Nitakuwa, ni mbele. Nimepika, kazi imekwisha. Tofauti ni kwamba sisi twasema 'ni' mara mbili, nao husema mara moja tu."

Katika miaka yangu yote ya chuo kikuu hakuna aliyenieleza vizuri kiasi hicho. Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea na mifano yangu.

"Huu ndio wangu," alisema tulipokuwa tukifunga madaftari. Binti yake alikuwa amemwahidi kwamba angekuja Agosti na mtoto, kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mama hakukaa Mei wala Juni. Alikuwa akikaa Agosti, akiangalia nyuma na kuhesabu yale atakayokuwa amekwisha kuyafanya: atakuwa amepaka chokaa chumba cha mtoto, atakuwa amefuma mkeka mdogo, atakuwa amejifunza.

Niliwapa kazi ya nyumbani, kila mtu atunge sentensi moja. Kipindi kilichofuata mama alijitolea kuwa wa kwanza. Alisimama, akasoma pasipo kukwama: "Quand tu seras arrivée, j'aurai préparé le poisson." Utakapokuwa umefika, nitakuwa nimepika samaki. Matamshi yalikuwa safi. Mtu angefumba macho asingejua kwamba msemaji ametoka Sabaki kwa bodaboda.

Kisha nikamwambia aiandike ubaoni. Aliandika polepole, chaki ikilia, na mwisho wa neno "arrivé" akasahau e moja. Kitenzi kikienda na être, sharti kionyeshe kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Mwanamke huongezewa e.

Ningeweza kuinuka nikaiongeza kimya kimya. Badala yake nilisema, "Mama, mjukuu wako amekuwa mvulana?"

Vijana wakaangua kicheko. Yeye naye alicheka kidogo, maana hakuelewa bado. Nilipomwonyesha, aliigusa nafasi ile tupu kwa kidole, akajipaka chaki.

Baada ya kipindi alinisubiri. "Mwalimu, leo jioni binti yangu atapiga simu. Nimwambie mtoto ile sentensi?"

"Bado," nilimjibu. "Subiri kwanza uijue sawasawa. Mtoto wa Ufaransa atakucheka."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikuwa na haraka wala sikuwa nimekasirika. Nadhani ni kwa sababu mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga Ufaransa. Kifaransa changu ni cha vitabu na cha wahadhiri waliotuchekea makosa yetu mbele ya darasa, na siku zote nimeishi na hofu kwamba Mfaransa wa kweli atakuja anisikilize, kisha atabasamu. Hofu ile ilikuwa yangu. Nikamvika mama wa watu.

Kipindi kilichofuata hakuja. Siku hiyo nilikuwa nikifundisha matumizi mengine ya wakati ule ule: Wafaransa huutumia kukisia, kama nasi tunavyosema "atakuwa amelala" juu ya mtu asiyepokea simu. Kiti chake kilikuwa wazi pale mbele, nami nikakifanya mfano. Niliandika: Elle aura oublié l'heure. Atakuwa amesahau saa.

Msichana mmoja wa mapokezi, mwanafunzi mkimya kuliko wote, aliinua mkono. "Elle aura eu honte," alisema.

Atakuwa ameona haya.

"Vizuri sana!" nikasema. "Mmesikia? Eu, kutokana na avoir. Sentensi kamili." Nikaiandika ubaoni, nikapiga mstari chini ya kitenzi, nikaendelea.

Mama hakuja tena. Namba yake nilikuwa nayo. Juni ikapita, Julai ikapita, na kila nilipokumbuka nilijiambia nitampigia kesho. Mwezi wa tisa yule msichana wa mapokezi aliniambia kwamba mjukuu alikuja, akakaa wiki mbili na kurudi kwao. Ijumaa iliyofuata nilivuka daraja la Sabaki, nikauliza njia mpaka kwake.

Nilimkuta uani akipepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha ya kweli, akaniletea kiti na maji ya kunywa. Hakuna alichosema juu ya darasa mpaka nilipouliza habari za mtoto.

"Alikuja," alisema. "Ana miaka sita. Mrefu kama babake. Siku ya kwanza niliandaa samaki wa kupaka, wali na maandazi. Akaangalia meza, akaniuliza: Tu as fait tout ça pour moi?"

Aliyatamka sawasawa. Umenifanyia mimi haya yote?

"Nilielewa, mwalimu. Kila neno. Na jibu nilikuwa nalo hapa." Alijigusa koo. "Nikaogopa. Nikafikiri, nikikosea atanicheka. Nikatikisa kichwa tu. Akamgeukia mamake akamuuliza kama nyanya hawezi kusema. Hilo pia nililielewa."

Wiki mbili ziliisha hivyo. Binti alikuwa mkalimani. Mtoto alipomzoea alimshika mkono, wakaenda mtoni, wakaangalia ndege, kila mmoja na kimya chake.

Nilimwambia kosa lilikuwa langu. Akauliza, "Ile herufi, mwalimu. Hebu niambie hilo neno bila yake."

"Arrivé."

"Na ukiiweka?"

"Arrivée."

Akainamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya darasani alipotaka kushika neno. "Sijaisikia. Rudia."

Nilirudia.

"Haisikiki, mama," nikasema hatimaye. "Huandikwa tu. Kwenye kusema ni sawa sawa."

"Kwa hivyo kwenye simu mtoto asingejua."

"Asingejua."

"Nawe ulikuwa ukilijua hilo?"

"Nililijua tangu mwanzo."

Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika, na hata wakati ule sidhani kwamba alikasirika. Aliuchukua ungo akaendelea kupepeta, makapi yakiruka na kutua kwenye viatu vyangu. Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, na ninaamini alinisamehe. Nikamsihi arudi darasani bila malipo, au tumpigie mtoto Jumapili nikiwa kando yake. Akakataa.

"Mtoto ameshaambiwa kwamba nyanya hajui Kifaransa," alisema. "Amekubali. Nikianza leo nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa nikijua?"

Darasa bado ninalo. Sasa nikifika kwenye somo lile wanafunzi hulisema wiki nzima kabla ya kuliandika, na akikosea mtu namwacha amalize. Wananiambia ninafundisha vizuri. Mwaka huu binti yake hakuja. Mumewe amehamishwa kikazi, nauli ni ya watu watatu, watakuja watakapojaliwa. Mama nilionana naye juzi sokoni, mbele ya wauza nazi. Nikamuuliza mjukuu hajambo.

"Hajambo," alisema. "Anakua."

Nilingoja aongeze neno. Alichagua nazi mbili, akazitikisa sikioni moja baada ya nyingine, akaniuliza kama huku mjini mvua imenyesha.